UZI: Namba 54 kwenye mashine ya sukari, na kwa nini mlezi wa zamu ya usiku ndiye afundishwe kwanza

NesiWaMlimani (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu. Wazee wangu mliomo humu, shikamooni.

Nipo Moshi. Ni muuguzi, na miaka yangu mingi ya kazi nimeimalizia kliniki ya kisukari. Tangu mwaka juzi, kila Alhamisi mchana napanda kwenda kituo kimoja cha kulea wazee huku mlimani kuwafundisha walezi kupima sukari. Sikitaji jina, maana ninayoyasema yanaweza kutokea kituo chochote, hata nyumbani kwako. Nawaeleza kilichonifanya nianze.

Kituo kilipata mashine mpya ya sukari. Ililetwa na wageni kutoka Marekani waliokuja kupanda Mlima Kilimanjaro, wakaacha na stripu zake, vile vijikaratasi vya kuwekea tone la damu. Zawadi njema, walezi wakafurahi. Ukutani kulikuwa na karatasi: sukari ya kawaida kabla ya kula ni 4 hadi 7. Usiku mmoja babu mwenye miaka 78, anayechoma insulini, ile sindano ya kushusha sukari, akaanza kutukana watu. Mzee mpole yule, hakuwa na desturi hiyo. Shati limelowa jasho na nje baridi ya Julai. Dada wa zamu akampima, mashine ikaandika 54.

Dada akatazama ukuta: 4 hadi 7. Akatazama mashine: 54. Akasema sukari imepanda mno. Akamnyima chai ya sukari aliyoiomba, akampa maji matupu, akamfunika blanketi, akaandika "54" kwenye daftari kwa mwandiko mzuri kabisa. Asubuhi babu hakuamka. Hospitali walimtundikia dripu ya glukosi akafumbua macho, akakaa wodini siku nne.

Mashine ile ilikuwa inasoma kwa mg/dL, kipimo cha Marekani. Sisi tumezoea mmol/L. Ili kupata ya kwetu unagawa kwa 18. Gawa 54 kwa 18 upate 3. Babu alikuwa na sukari ya 3, yaani imeshuka, tena vibaya. Alichokuwa anaomba ndicho kilichokuwa dawa yake.

Watu walimlaumu yule dada, mimi sikuweza. Alifundishwa kutoboa kidole, kuweka tone na kusoma namba, na vyote alivifanya. Hakuna aliyemfundisha namba hiyo inamtaka afanye nini saa nane za usiku, wakati mkuu wa kituo amelala na nesi wa mchana yupo nyumbani kwake Majengo. Hapo ndipo mafunzo mengi ya kupima sukari yanapoishia, kwenye kidole.

Kwa hiyo siku ya kwanza nilianza na mtu. Nikawaambia: mzee mwenye kisukari akibadilika ghafla, yaani mpole akawa mkali, msemaji akanyamaza, anayetembea akapepesuka, akilowa jasho, akitetemeka, akisinzia saa isiyo yake, usiseme ni uzee. Usiseme anaota. Usiseme ana mashetani. Mpime. Na kama mashine haipo au stripu zimeisha, mchukulie kwamba sukari imeshuka na umpe sukari. Sukari ya ziada ya nusu saa haitamuua, ila iliyoshuka inaweza kuondoka naye kabla ya alfajiri. Mjue pia kwamba wazee wengine wana dawa za presha zinazoficha mtetemo na mapigo ya moyo, hivyo dalili pekee inaweza kuwa ule ukali au ule usingizi.

Chini ya 4, kama yupo macho na anameza: vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye nusu kikombe cha maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida. Iwe soda yenye sukari, mkague chupa. Msimpe maziwa kwanza wala chapati, mafuta yanachelewesha sukari kuingia kwenye damu. Subiri dakika 15, pima tena. Bado chini ya 4, rudia. Ikipanda, ndipo apewe kitu cha kumshikilia: uji, ndizi, mkate na maziwa.

Kama hamezi au hajitambui, usimimine kitu chochote mdomoni, kitaingia kwenye mapafu. Mlaze ubavu, ita gari.

Niliwafanyisha kwa vitendo. Mmoja anajilaza kitandani anakuwa babu, mwingine anashika saa. Tuliyarudia hayo wiki tatu mfululizo kabla sijagusa somo la kutoboa kidole. Mkuu wa kituo aliona napoteza muda. Nikamwomba anivumilie.

Nitaendelea, ila kwanza nisikie na wenzangu mnaolea wazee mnafanyaje.

MtotoWaNgarenaro

Asante sana dada nesi. Mimi nipo Arusha, mama yangu ana miaka 71, anatumia vidonge, analelewa na dada wa kazi mimi nikiwa kazini. Swali langu: nikimpima mimi asubuhi anakuwa 7 au 8. Akipima dada mchana inakuja 13, 15. Tumebadilisha hadi mashine. Tatizo nini?

NesiWaMlimani

Pole mdogo wangu. Kabla ya kulaumu mashine, muulize dada: mama ananawa mikono kabla ya kupimwa?

Hili nililionyesha kituoni kwa embe. Nilimwambia mlezi mmoja anawe kwa sabuni, akauke, ajipime: 5.6. Kisha amenye embe, asinawe, ajipime kidole kilekile: 14 na ushee. Chumba kizima kikanyamaza. Damu ni ileile, sukari ya ziada ilikuwa kwenye ngozi. Tangu siku hiyo hakuna ninayemkumbusha habari ya kunawa, wanakumbushana wenyewe. Tena spiriti haitoshi kuondoa utomvu wa tunda, kinachofaa ni maji na sabuni, halafu kidole kikauke kabisa, maana maji nayo yanalichanganya tone.

Mengine ya kidole ni madogo. Toboa pembeni mwa ncha, katikati ndipo penye maumivu. Badilisha vidole, acha gumba na cha shahada. Wakati wa baridi vidole vya wazee havitoi damu, basi mkono uchovywe kwenye maji ya vuguvugu au uning'inizwe chini kidogo. Usikikamue kama unakamua ng'ombe, majimaji ya mwilini yatachanganyika na damu na namba itadanganya.

Na kopo la stripu lifungwe mara tu unapochomoa moja. Niliwahi kukuta kopo limeachwa wazi dirishani, jua linalipiga, stripu 30 zimeharibika na wao wanaendelea kupimia watu.

Ila kumbuka na jambo la pili: asubuhi mama hajala, mchana keshakula. Hizo ni namba mbili tofauti hata mikono ikiwa safi. Andika saa, andika amekula lini.

Babu_Kahawa

Kwa heshima zote nesi, mimi napinga. Kutoboa watu ni kazi ya muuguzi. Leo mlezi anatoboa kidole, kesho atachoma sindano, keshokutwa atatunga dawa. Mmeanza kuwapa wasiosoma kazi za waliosoma ili kuokoa mishahara.

NesiWaMlimani

Shikamoo mzee wangu. Hofu yako naielewa, na kwenye jambo moja upo sahihi kabisa: mlezi habadilishi dozi. Haongezi insulini wala hapunguzi kwa akili yake. Hilo nimeliandika kwa herufi kubwa ukutani, na anayelivunja anatolewa kwenye zamu.

Ila mzee, watoto wenye kisukari kule kliniki, wa miaka kumi, kumi na mbili, wanajipima na kujichoma wenyewe nyumbani, na mama zao wasio na cheti chochote wanawasimamia. Tunawafundisha na wanaweza. Kituo kile kina muuguzi mmoja, wa mchana. Usiku kuna walezi wawili na wazee zaidi ya ishirini. Nikisema wasiguse mashine, nimewaacha wale wazee gizani kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa moja asubuhi. Siwezi.

FundiMaabara

Nesi, naomba uwaambie watu kuhusu kalamu ya kutobolea. Nimezunguka sehemu nyingi, nakuta kalamu moja inatumika kwa kila mtu, wanabadilisha kisindano tu, na wengine hata hicho hawabadilishi, wanakifuta na pamba.

NesiWaMlimani

Mkuu, umegusa lile linaloninyima usingizi.

Kalamu ya kutobolea ni ya mtu mmoja, kama mswaki. Hata ukibadilisha kisindano, kile kichwa chake kinagusa ngozi na damu, na virusi vya homa ya ini B vinaweza kukaa hai juu ya kitu kikavu kwa siku saba au zaidi, na damu yenyewe usiione kwa macho. Hili halijatokea kwa maskini peke yao. Mwaka 2010 kule North Carolina, Marekani, katika nyumba moja ya kulea wazee, wazee wanane walipata homa ya ini B, na sita kati yao walifariki. Uchunguzi ukaonyesha kalamu za kutobolea zilikuwa zinatumika kwa zaidi ya mtu mmoja. Walikwenda kupimwa sukari ili waishi salama.

Kwetu tulifanya hivi: kalamu tukaziondoa zote. Tunatumia vile visindano vya kutobolea mara moja vinavyojifunga vyenyewe baada ya kutumika. Glovu mpya kwa kila mzee, na mikono kunawa katikati. Mashine ikitumika kwa zaidi ya mtu mmoja inafutwa kwa dawa kila baada ya mtu, na ukinunua, uliza kama imetengenezwa kwa kutumiwa na watu wengi. Bora zaidi ni kila mzee awe na mashine yake kwenye mfuko wenye jina. Visindano vinaingia kwenye boksi la njano palepale kitandani, visitembezwe kwenye sahani.

MpishiWaMasista

Mimi ni mpishi, si mlezi, sijui kama hapa pananihusu. Kituoni kwetu tunapika cha jioni saa kumi, wazee wanakula saa kumi na moja ili sisi tuwahi usafiri. Kifungua kinywa ni saa mbili asubuhi. Tumeambiwa wenye kisukari wasipewe kitu usiku, tusije tukawapandisha.

NesiWaMlimani

Mama, panakuhusu kuliko wote tulioandika humu!

Hesabu na mimi. Saa kumi na moja jioni hadi saa mbili asubuhi ni saa kumi na tano. Mzee amechomwa insulini ya jioni, au amemeza kidonge kinachosukuma kongosho litoe insulini, halafu anakaa saa kumi na tano tumbo tupu. Babu wa 54 alikuwa kwenye ratiba hiyohiyo. Nilipopekua daftari la nyuma, karibu matukio yote ya sukari kushuka yalikuwa kati ya saa saba usiku na alfajiri. Kumbe tulikuwa tunatafuta kosa kwa dada wa zamu na nusu ya kosa ipo kwenye saa ya kufunga jiko.

Hatukuweza kusogeza chakula cha jioni, usafiri ni usafiri. Tulichofanya: mpishi anaacha uji wa ulezi kwenye chupa ya chai na ndizi mbivu ndogo, mlezi wa usiku anawagawia saa tatu. Kikombe kimoja, hakijazwi sukari. Wale wa insulini wanapimwa kwanza kabla ya uji. Katika miezi miwili iliyofuata usiku ukatulia.

Na mpishi awe kwenye mafunzo. Yeye ndiye anayejua nani kaacha mtori wake kwenye bakuli, na mzee aliyechomwa sindano kisha akakataa chakula ni dharura inayokuja. Kituoni kwetu sheria sasa ni kwamba sindano haitoki kwenye kabati kabla chakula hakijafika mezani, na asiyetaka kula, simu inapigwa kwanza kwa muuguzi.

MtotoWaNgarenaro

Dada, nimeangalia dawa za mama. Kuna metformini na nyingine glibenklamidi. Hiyo ndiyo inayosukuma kongosho?

NesiWaMlimani

Ndiyo, glibenklamidi. Metformini ikiwa peke yake ni nadra kumshusha mtu. Glibenklamidi inashusha, na kwa mzee, hasa mwenye figo dhaifu, inakaa mwilini muda mrefu: unampa sukari anapanda, baada ya saa chache anashuka tena. Ndiyo maana mzee wa glibenklamidi aliyeshuka anapelekwa hospitali hata kama ameamka na anacheka. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inasema haifai kwa waliovuka miaka 60.

Usimwachishe mama dawa mwenyewe tafadhali. Mpeleke, chukua na karatasi ya vipimo, mwulize daktari kama anaweza kubadilishiwa. Dirisha la wazee litumieni, lipo kwa ajili yao.

Babu_Kahawa

Marahaba mwanangu, sikukujibu mapema. Mimi mwenyewe nina kisukari, miaka kumi na minne sasa. Swali: mbege. Jumapili baada ya ibada siwezi kukaa na wenzangu mikono mitupu.

NesiWaMlimani

Mzee wangu, nakuheshimu ndiyo maana nakwambia lote. Pombe inazuia ini lisitoe sukari yake ya akiba. Kwa hiyo mbege inaweza kukupandisha mchana kwa sababu ya ndizi na ulezi uliomo, kisha ikakushusha usiku umelala. Na ukishuka ukiwa unanuka pombe, watu watasema meku, yaani mzee, kalewa, watakuacha ulale. Hapo ndipo penye hatari. Kama daktari wako hajakukataza, iwe kidogo, iwe baada ya chakula kamili, na mtu wa nyumbani ajue. Kabla ya kulala pima.

Kiborloni_Dada

Stripu je? Kituo chetu kidogo kina wazee sita wa kisukari, tuliambiwa tuwapime mara nne kwa siku kila mmoja. Boksi la stripu 50 linaisha siku mbili. Tukaacha kabisa kupima.

NesiWaMlimani

Mlipewa ratiba ya hospitali yenye bohari. Sita mara nne ni 24 kwa siku, 168 kwa wiki. Hakuna kituo cha kawaida kitamudu, na walezi wakishindwa wanaanza kuandika namba za kubuni. Nimeziona hizo: mzee anasoma 6.5, 6.5, 6.4, 6.5 mwezi mzima.

Kaeni na daktari muwagawe kwa dawa wanazotumia. Kwetu wapo sita vilevile. Wawili wa insulini: asubuhi na jioni kabla ya sindano, na kabla ya kulala. Hizo ni 42 kwa wiki. Mmoja wa kidonge kinachoshusha: mara moja kwa siku, saa zikibadilishwa, leo asubuhi, kesho kabla ya kulala. Hizo 7. Watatu wa metformini peke yake: mara mbili kwa wiki kila mmoja, 6. Jumla 55. Juu ya hapo tunaweka akiba ya mabadiliko ya ghafla, na akiba hiyo haiguswi kwa ratiba. Mzee akiugua homa, akihara au akibadilishiwa dawa, anapimwa zaidi mpaka atulie.

Na daftari letu lina safu ambayo madaftari mengi hayana. Baada ya tarehe, saa, namba, chakula na dawa, kuna safu ya "nimefanya nini". Haikubaliki kuandika 3.2 na kuacha safu hiyo tupu. Kwenye jalada nimebandika pia kwamba mashine zetu zote sasa ni za mmol/L, na zile herufi mbili: LO maana yake ipo chini kuliko mashine inavyoweza kusoma, mpe sukari sasa hivi, HI maana yake ipo juu kuliko inavyoweza kusoma, kwa mashine nyingi ni zaidi ya 33, ita gari sasa hivi. Mlezi mmoja aliniambia alidhani HI ni mashine inasalimia. Sikumcheka. Nani alimwambia vinginevyo?

Sukari ikizidi 15 mara mbili mfululizo na mzee anatapika, ana kiu, anakojoa sana au amelegea, msisubiri kliniki ya wiki ijayo. Mara nyingi kuna maambukizi yamejificha, kwenye mkojo, kifuani, au kidonda cha mguu ambacho hakuna aliyevua soksi kukitazama.

MpishiWaMasista

Kwaresma inakuja nesi. Bibi zetu wanafunga na hawasikii la mtu.

NesiWaMlimani

Mwombe padre aseme nao, mimi wananiona mtoto. Sheria ya Kanisa inamtaka kufunga mtu wa miaka 18 hadi anapoanza mwaka wake wa 60, hivyo bibi wa miaka 80 hadaiwi. Na kwa wazee wetu Waislamu, mgonjwa ameruhusiwa kula katika Kurani yenyewe. Wakilisikia kwa kiongozi wao wanatulia.

MleziWaUsiku

Shikamoo nesi. Ni mimi, unanijua. Uzi huu nilitumiwa na mwenzangu, nimesoma ile habari ya 54 mara mbili, nikailaza simu kifuani. Nashukuru hukuniandika jina.

Niliona nikueleze ya leo. Saa tisa kasoro kumi usiku bibi wa chumba cha mwisho alikuwa anakunja na kukunjua shuka, nikimwita haitiki vizuri. Sikungoja. Nilinawa, nikamnawisha, nikapima: 3.1. Nikakoroga vijiko vinne, akanywa mwenyewe. Saa tisa na dakika tano: 3.8. Nikarudia. Saa tisa na dakika ishirini: 5.4. Nikampa uji uliobaki kwenye chupa. Akaniuliza mbona namwamsha usiku.

Nimeandika yote, safu ya mwisho imejaa hadi pembeni.

NesiWaMlimani

Marahaba mwanangu. Nimelia kidogo hapa kwenye daladala.

Huyo bibi si ndiye wa glibenklamidi? Umempima tena?

MleziWaUsiku

Ndiye. Saa kumi na moja alikuwa 4.9, nikampa ndizi na maziwa. Sasa hivi 6.0. Mkuu wa kituo nilimwamsha palepale, hakunigombeza. Gari la kumpeleka hospitali linakuja saa moja na nusu, nakwenda naye mimi na daftari.